Kabla ya baruti, soma ganda

Watu wanaokuja kwangu kujifunza kujaza risasi upya hutaka tuanze na baruti. Mimi huwapa ganda tupu na kipande cha waya. Baruti ina jedwali lake kwenye kitabu cha mtengenezaji, lakini ganda lililokwisha kupigwa huna budi kulisoma mwenyewe, kwa jicho na kidole. Bunduki yangu ni ya .308 Winchester, naiwindia kulungu huku Maine kila Novemba. Shinikizo ndani ya risasi hiyo laweza kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, na kinachoiziba gesi isirudi nyuma kuelekea usoni mwako ni ukuta mwembamba wa shaba wa ganda hilo.

Sheria ya shirikisho hapa Marekani inakuruhusu kujaza risasi za matumizi yako bila leseni. Kuuza ndiko kunakotaka leseni. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni jinai, kwa hiyo ndugu zangu wa huko wasome tu, wasijaribu.

Meza yangu iko chumba cha chini, mbali na tanuri la kupashia nyumba joto, na mlango una kufuli kwa sababu ya watoto. Juu nimeweka plaiwudi mbili za milimita 19, nikazigandisha kwa gundi na skrubu, kisha meza nzima nikaifunga kwenye nguzo za ukuta. Presi, mashine ya kipini inayosukuma ganda ndani ya dai (kalibu ya chuma inayolirudishia umbo lake), ni ya hatua moja. Nimeifunga ukingoni, juu ya mguu wa meza, kwa bolti zinazopenya hadi chini zikapata washa pana. Marehemu baba, fundi wa karakana ya reli Tanga, ndiye aliyenifunza kwamba jiliwa hufungwa juu ya mguu, si katikati ya ubao. Weka taa mbili, kulia na kushoto, kivuli kisikudanganye. Chai na vitafunwa vibaki jikoni.

Sasa maganda. Kwanza chungulia ndani ya kila moja kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya kitako, linafaa. Ukiona mawili madogo, weka kando, maana sindano ya dai, inayosukuma nje fataki (kiwashio cha baruti) kitakoni, itavunjika. Lenye ufa shingoni tupa.

Kisha uje waya. Nyoosha kibanio cha karatasi, noa ncha yake kwa tupa, ikunje iwe ndoana ndogo. Ishushe ndani hadi chini, uivute juu taratibu huku ncha ikikwaruza ukuta. Ganda zima huteleza. Ganda lililochoka lina mfereji karibu na kitako, na ndoana itakwama hapo kama kucha kwenye ufa wa sahani. Wakati mwingine nje pia utaona pete inayong'aa mahali pale pale. Hapo ndipo ganda hukatika vipande viwili ndani ya chemba, tundu la bunduki linaloshika risasi. La namna hiyo libane kwa koleo likunjike kabisa, lisije likarudi kwenye kundi.

Kusafisha si kazi ngumu, ila vumbi lake ni baya: fataki zilizolipuka huacha risasi, yaani yale madini yenye sumu. Nachekechea maganda nje, nimevaa glavu na barakoa, halafu nanawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Kabla ya dai, paka mafuta mwilini mwa ganda, membamba tu. Yakizidi mabegani, pale ganda linapopungua kuelekea shingo, hubonyea. Yakipungua, ganda hunasa. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya pupa, nikavuta kipini hadi ukingo wa kitako ukang'oka. Ilinibidi kutoboa ganda kwa keekee, kulichonga nyuzi za skrubu na kulitoa kwa bolti, na jioni nzima ikaishia hapo. Irekebishe dai isukume mabega nyuma kidogo mno, kama sehemu 5 za mia za milimita, kwa bunduki ya bolti kama yangu, ile inayokokiwa kwa mkono kila risasi. Ukisukuma zaidi, ganda hutanuka upya kila likipigwa, na ule mfereji unakuja mapema.

Baada ya dai pima urefu kwa kalipa. Kikomo cha .308 ni milimita 51.18, likipita hapo likate hadi 50.93, kisha lainisha mdomo ndani na nje. Osha mafuta, kausha usiku kucha.

Nayaweka 50 kwa 50, na karatasi kisandukuni: yamepigwa mara ngapi, yamekatwa lini. Moja likionyesha mfereji, nakagua yote 50 upya siku hiyo hiyo, maana yamezeeka pamoja.