Kupima vidonge vya mafuta ya samaki kabla ya kuvimeza

Anza nyuma ya chupa. Maandishi makubwa ya "1000 mg" ni uzito wa mafuta yote. Unachotafuta ni EPA na DHA, yaani aina mbili za mafuta ya omega-3, ambazo kwa vidonge vya kawaida huwa 180 na 120 tu, jumla miligramu 300.

Kisha toboa kidonge kimoja kwa sindano safi, kamulia kijikoni, unuse, uonje tone. Mafuta mazima hunuka samaki kwa mbali. Yakikera kama rangi ya mafuta ya ukutani, au yakiacha uchungu kooni, yamechacha: hewa, joto na mwanga vimeyaoksidisha. Jihadhari na yenye ladha ya limau, kwani limau huficha uvundo. Na lile jaribio la kugandisha vidonge kwenye friza ili kujua kama mafuta ni bora, lipuuze, halipimi ubora.

Zebaki na risasi, metali zenye sumu zinazoweza kuwemo kwenye mafuta, hazina harufu. Mwombe muuzaji cheti cha maabara chenye namba ya bechi ileile ya chupa yako. Tazama vipimo vya uchachu: peroksidi (uchachu wa mwanzo) isizidi 5, anisidini (uchachu wa baadaye) 20, na TOTOX (uchachu wote kwa jumla) 26. Hesabu TOTOX mwenyewe: peroksidi mara mbili, jumlisha anisidini. Kwa mafuta yenye viungo vya ladha, kipimo cha anisidini hudanganya.