Nyumba ya kijijini Kilifi: namna ya kuinunua au kuiuza bila kuachiwa minazi ya watu

Mimi ni karani katika afisi ya wakili mjini Kilifi, pwani ya Kenya, na karatasi nyingi zinazopita mezani kwangu ni za mashamba ya Kaloleni, Rabai, Ganze na Magarini. Mombasa mtu hununua fleti, akapewa ufunguo, yakaisha. Huku kwetu kinachouzwa hasa ni shamba, na nyumba huenda nalo kwa sababu imelikalia. Huenda pia na minazi, kisima, njia ya kupitisha mbuzi, pengine na kaburi la babu. Hati haikuonyeshi hayo. Kwa hiyo mimi huanza na watu, afisi za serikali hufuata.

Hatua ya 1: Fika mwenyewe, na ukae

Usiende na dalali peke yake, tena usiende mara moja. Mara ya pili nenda masika, mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi na kama gari linafika. Gonga boriti na fremu za milango. Mchwa wa huku hula ndani na kuacha rangi nje. Kisha mtafute mzee wa kijiji, umwamkie, umwambie umekuja kwa ajili gani. Muulize maswali matatu: nani aliishi hapa kabla ya huyu anayeuza, nani amezikwa hapa, na nani anavuna hapa.

Hilo la kuvuna nililipuuza zamani. Mteja wetu mmoja alinunua eka moja yenye nyumba ya mawe, mabati mapya na tangi la maji. Sachi, yaani upekuzi wa rekodi za shamba kwa msajili wa ardhi, ilikuwa safi, bodi ya ardhi ikaridhia, hati ikatoka kwa jina lake. Wiki ya kwanza, alfajiri, mkewe yuko kwenye bafu la makuti nyuma ya nyumba, akasikia mtu anakohoa juu yake. Kuinua macho, ni mgema, kibuyu kiunoni, amejikalia kileleni kama yuko barazani kwake. "Samahani mama, sikuangalia," akasema, akaendelea kugema. Minazi sita pale iliwekwa rehani miaka mingi nyuma na kakake muuzaji, na aliyeishika alikuwa akiigema asubuhi na jioni, akingoja kurudishiwa pesa zake. Mwenye shamba ni mwingine, mwenye mnazi ni mwingine; kwa Wamijikenda, wenyeji wa huku, si ajabu hata kidogo. Mkataba ule niliuandika mimi, na habari za minazi sikuuliza.

Sasa huhesabu. Nazunguka na muuzaji na majirani wawili, tunaandika minazi mingapi, miembe mingapi, mikorosho mingapi, na upi una mwenyewe mwingine. Penye rehani, muuzaji aikomboe kwanza, au bei ishuke na mnunuzi aikomboe mwenyewe mbele ya mashahidi. Halafu mkataba useme wazi kwamba miti yote iliyosimama imeuzwa pamoja na shamba na haidaiwi na mtu.

Makaburi nayo yaamuliwe mapema. Kufukua maiti kunahitaji kibali cha serikali, na hata kikipatikana, ukoo utakukumbuka vibaya. Rahisi ni kuikata sehemu hiyo ibaki kwa familia, au kuandika kwamba watakuja kuzuru siku wanazotaka.

Hatua ya 2: Sachi, tena zaidi ya sachi

Omba nakala ya hati, uchukue namba ya shamba, ulipie sachi kwa msajili wa ardhi. Jibu litakuonyesha ukubwa, jina la mwenyewe, na vikwazo: mkopo wa benki, kosheni (zuio lililowekwa na mtu anayedai haki kwenye shamba), amri ya mahakama. Linganisha jina na kitambulisho, herufi kwa herufi.

Usitosheke hapo. Mwombe wakili afuatilie historia, jinsi shamba lilivyotoka kwa mmiliki wa kwanza hadi kwa huyu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa: aliyenunua alikuwa na hati mkononi, akashindwa kwa kuwa ugawaji wa kwanza kabisa haukufuata sheria. Hati mbovu kwenye mzizi haitengenezwi na kupita mikono mingi.

Kaunti yetu ina mitego miwili zaidi. Kwenye skimu za makazi kama Magarini, ambako serikali iligawa ardhi kwa watu, utamkuta mtu ana barua ya kugawiwa tu, au hati bado ina deni la mfuko wa serikali wa makazi. Deni lilipwe na chaji, yaani dhamana ya deni hilo kwenye hati, ifutwe kabla ya mauzo. Mtego wa pili ni nyumba nzuri ya mawe iliyojengwa na mtu asiyekuwa na hati, juu ya shamba la mwingine. Hapo unanunua kuta. Mimi humwambia mteja aondoke, na wengine hukasirika kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Savea

Mipaka mingi ya mashamba imesajiliwa kwa makadirio, si kwa vipimo vya inchi. Lipa savea (mpima ardhi) mwenye leseni aje na ramani, majirani wote wa mpakani wawepo. Kama unanunua kipande tu cha shamba, ugawaji wenyewe unahitaji idhini ya bodi na fomu za savea, na hati mpya zitoke kwanza. Usikubali kile kisemwacho "tutagawa baadaye."

Hatua ya 4: Wenye neno

Muuzaji, hii ni yako. Kama nyumba ni ya ndoa, mkeo au mumeo lazima akubali kwa maandishi. Mwenye wake wawili, ujue boma la kila mmoja liko upande gani. Na kama hati ina jina la marehemu baba yako, huwezi kuuza, hata ndugu wote wakiwa wamekaa chini ya mwembe wakakubaliana. Fungua mirathi, upate barua za usimamizi, kisha uthibitisho wa mahakama, ambao kwa kawaida hungoja miezi sita. Kuuza ardhi ya marehemu kabla ya uthibitisho huo ni kinyume cha Sheria ya Urithi. Najua ada ya shule haingoji miezi sita. Lakini mnunuzi akikupa pesa leo, kesho dada yako aliyeolewa Malindi akaja na wakili wake, utazirudisha, na utakuwa umeshazila.

Hatua ya 5: Mkataba na pesa

Mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote mbili, kila saini ishuhudiwe. Desturi ni malipo ya awali ya asilimia 10 na siku 90 za kumaliza. Pesa hizo zikae kwenye akaunti ya wakili mpaka idhini zitoke, zisipite mkononi mwa dalali wala kwa simu ya shemeji. Ndugu zetu walioko Ghuba, msikilize hapa: ukimtuma mtu akununulie, mpe mamlaka ya kisheria (power of attorney) yaliyosajiliwa, na mkataba ubebe jina lako tangu mstari wa kwanza.

Andikeni bei ya kweli. Kuna wanaoandika nusu ili kupunguza kodi. Mkataba ukivunjika, utarudishiwa ile iliyoandikwa.

Hatua ya 6: Bodi ya ardhi

Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Bila idhini, mauziano ni batili, na haki inayobaki kwa mnunuzi ni kudai pesa zake kama deni.

Siku ya kikao nendeni wote, pamoja na familia. Ni vile viti vya plastiki kwenye afisi ya naibu kamishna, watu wengi, foleni ndefu. Mwenyekiti huwapita wanaume na kumtazama mke. Niliwahi kumsikia akiuliza, "Mama, umeelezwa kwamba ukikubali leo, huna pa kurudi?" Mama akanyamaza kidogo, akageukia mumewe, "Kwani hukusema ni nusu?" Faili likafungwa pale pale. Nililaani njiani kurudi afisini, lakini mwenyekiti alikuwa na haki.

Hatua ya 7: Kodi na usajili

Mthamini wa serikali hukadiria thamani, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 2 mashambani, asilimia 4 mjini. Ulizia eneo lako limehesabiwa upande gani, kwa sababu miji inapanuka. Muuzaji ana kodi ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023, ila ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3 imesamehewa, na nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza pia. Hata uliyesamehewa, peleka fomu zako. Baada ya hapo ni fomu za uhamisho, vitambulisho, PIN (namba ya mlipa kodi), picha, hati ya zamani na idhini zote kwa msajili.

Salio lilipwe kwa namna iliyoandikwa kwenye mkataba, na tarehe ya kukabidhi nyumba iwe moja na tarehe ya kukabidhi funguo, kisima na miti. Mita ya umeme ya tokeni isomwe siku hiyo, na deni lolote lilipwe na anayetoka.

Hati ikitoka, fanya sachi nyingine, sasa kwa jina lako. Halafu mwite mgema wa kijiji, umwonyeshe minazi ni ya nani sasa, mkubaliane kama utamlipa akugemee au aweke kibuyu chini. Na kama bafu lako liko chini ya mnazi, lihamishe.