Ng'ombe Akidungwa Dawa, Maziwa Yake Yasiingie Kwenye Kopo

Kuchemsha hakuondoi dawa kwenye maziwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi zizini, Mbarara hadi Kiruhura: "Daktari, si wateja watachemsha?" Moto huua vijidudu, lakini sehemu kubwa ya penisilini hubaki palepale.

Wengine hutegemea kuchanganya na maziwa ya ng'ombe wazima. Tupige hesabu. Kiwango cha juu cha penisilini kwenye maziwa kinachokubaliwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ni mikrogramu 4 kwa kila lita. Chukua mrija wa kutia chuchuni wenye miligramu 200 za penisilini. Hata ikitoka kwenye maziwa sehemu ya kumi tu, miligramu 20 hizo zinatosha kufikisha lita 5,000 kwenye kiwango hicho. Kopo lako la lita 50 halifui dafu.

Mtengeneza mtindi ndiye hugundua mapema: chachu hushindwa kufanya kazi, maziwa hayagandi. Mnywaji hagundui. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, na vijidudu huzoea dawa tunazozihitaji hospitalini.

Kwa hiyo, siku ya tiba mfunge ng'ombe kamba nyekundu mguuni, kila mkamuaji aione, hata kibarua aliyekuja jana. Andika tarehe, saa na jina la dawa. Soma muda wa kusubiri, yaani siku ambazo maziwa hayafai kunywewa baada ya tiba, kwenye chupa yenyewe, maana oksitetrasaiklini (antibiotiki nyingine) ya kawaida na ile ya kukaa mwilini muda mrefu hazilingani. Hesabu huanza sindano ya mwisho, siyo ya kwanza. Hapo wengi hukosea. Ukizidisha dozi, muda ule hautoshi tena, muulize daktari wa mifugo. Mkamue wa mwisho, na umwage maziwa ya chuchu zote nne, hata kama umetibu moja, kwani dawa husafiri kwa damu. Ndama naye asipewe.

Najua inauma. Ng'ombe wa lita 10 akisubiri siku 7, ni lita 70 chini. Ndiyo maana naona kuogesha dhidi ya kupe, kunawa mikono na kuchovya chuchu kwenye dawa baada ya kukamua ni nafuu kuliko sindano.

Na mkichanganya kwa bahati mbaya, mwambie mchukuzi kabla kopo halijapanda pikipiki. Likishamiminwa kwenye tangi la kituo, hasara ni ya majirani zako wote.