Namna ya kusoma ripoti za madaktari kuhusu watu wa Rongelap

Anayeshika ripoti ya afya ya Rongelap, katika Visiwa vya Marshall, kwa kawaida hukimbilia hitimisho. Wewe anza na jedwali la waliopimwa.

Bomu la Bravo, la majaribio ya nyuklia ya Marekani, lililipuliwa Bikini, katika visiwa hivyohivyo, tarehe 1 Machi 1954, likatoa nguvu ya megatoni 15 (sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT), zaidi ya mara mbili ya zilizotarajiwa. Vumbi lake lenye mionzi liliwaangukia watu 64 Rongelap, 18 Ailinginae na 157 Utrik. Idadi ni ndogo: kwenye kundi la watoto ishirini, mgonjwa mmoja ni asilimia tano nzima. Basi kando ya kila asilimia andika idadi ya watu.

Kisha tafuta kundi la kulinganishia, maana siasa imejificha humo. Madaktari wa maabara ya Brookhaven ya Marekani, walioandika ripoti hizi, waliwatumia Warongelap ambao hawakuwapo siku ya mlipuko. Mwaka 1957 hao nao walirudi kisiwani pamoja na waliopatwa na vumbi, wakala nazi za huko zenye sesiamu-137, elementi inayotoa mionzi. Kundi lililopaswa kuwa safi likawa linameza mionzi kila siku, na tofauti kati ya makundi ikapungua kwenye karatasi. Ripoti ikisema "hakuna tofauti", uliza: tofauti na nani?

Kipimo cha mionzi nacho kikague. Rad 175 za Rongelap (rad ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na mwili) ni makadirio ya miale ya gama iliyoupiga mwili kutoka nje. Tezi ya shingo ilipata zaidi sana, hasa kwa watoto, kwa sababu hukusanya iodini, ikiwamo ile yenye mionzi, iliyoingia kwa chakula na maji, na tezi yao ni ndogo. Mkojo uliotumika kukadiria iodini ulikusanywa zaidi ya wiki mbili baadaye, tena ukachanganywa wa watu wengi. Iodini-131 hupungua nusu kila siku 8, hivyo siku ya 16 imebaki robo tu, hata kabla ya kuhesabu iliyokwisha kutoka mwilini. Aina nyingine za iodini, zinazopungua haraka zaidi, zilikuwa karibu zimeisha.

Tazama mwaka wa ripoti. Vinundu vya tezi vilianza kuonekana 1963, kwa hiyo maneno ya kutuliza ya miaka ya 1950 yanaeleza muda tu ambao ugonjwa ulikuwa haujajitokeza.

Aliyelipia utafiti huu ni Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, ambayo ndiyo iliyosimamia utengenezaji wa mabomu. Hilo peke yake halifanyi takwimu kuwa za uongo. Linaeleza maswali gani hayakuulizwa. Kwa hiyo tenganisha kurasa za utafiti na za matibabu, uone nani alipimwa na nani alitibiwa.

Mwisho, usichanganye ripoti hizi na madai ya fidia. Mahakama ya Madai ya Nyuklia ya Marshall ilikuwa na orodha ya magonjwa: aliyeishi visiwani wakati wa majaribio akiwa na ugonjwa uliomo hakutakiwa kuthibitisha chanzo chake. Kwa hiyo "haijathibitishwa" ya daktari haikumfungia mtu mlango huo.