Kubwa mbele, dogo nyuma: pima kabla ya kununua gurudumu

Kila wiki mtu huniletea baiskeli ya milimani yenye magurudumu ya inchi 29 akitaka nimwekee gurudumu la 27.5 nyuma. Namwelewa. Gurudumu kubwa mbele hupanda juu ya mizizi bila kukwama, na dogo nyuma halikugusi makalio unapojivuta nyuma ya kiti kwenye mteremko mkali, tena linakata kona upesi. UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ilipoondoa katazo la kuchanganya magurudumu mwaka 2019, washindani wa mteremko waliukumbatia mtindo huu. Lakini fremu ya 29 haikuchorwa kwa gurudumu dogo, kwa hiyo anza na tepu ya kupimia.

1. Soma ubavu wa tairi. Utaona namba kama 58-622. Hiyo ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha rimu pale tairi inapokalia: 622 ni 29, 584 ni 27.5, 559 ni 26. Kwenye mtumba, 26 na 27.5 hufanana sana kwa macho. Usikubali neno la muuzaji, soma namba.

2. Pima kimo cha kranki, ile mikono inayoshika pedali. Jaza upepo, simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa, kisha pima kutoka chini hadi katikati ya ekseli ya kranki. Andika.

Sasa hesabu. Kutoka 622 hadi 584 ni milimita 38. Nusu yake ni 19, na hizo ndizo ekseli ya nyuma itakazoshuka kama tairi zina unene sawa. Kranki iko karibu na gurudumu la nyuma kuliko la mbele, kwa hiyo nayo itashuka kama 12. Fremu nzima italala nyuma karibu digrii moja.

Milimita 12 si nyingi mpaka uingie msitu wa Karura, Nairobi, baada ya mvua. Mara ya kwanza nilijibadilishia bila kupima. Pedali ikagonga mzizi uliofunikwa na tope, baiskeli ikasimama papo hapo, mimi nikaendelea. Bega liliniuma wiki tatu. Kwenye fremu yenye shokomzoba nyuma hali ni mbaya zaidi, kwa sababu uzito wako unaishusha tena.

3. Rudisha kimo. Fremu nyingine zina kipande cha kugeuza pale shokomzoba inapofungwa. Kiweke upande wa juu. Kama hakipo, badilisha kranki za milimita 175 uweke za 165: pedali inapata milimita 10 za kupumua. Hiyo ndiyo dawa ninayoipenda. Tairi nene zaidi nyuma, kama fremu ina nafasi, husaidia kidogo. Foko ndefu, ile inayoshika gurudumu la mbele, huinua pia, ila huilaza fremu zaidi, na kila fremu ina kikomo chake cha foko. Simshauri mtu.

4. Chagua gurudumu. Lazima uwe na breki za diski. Breki za rimu hazitaifikia rimu iliyosogea milimita 19. Pima nafasi kati ya miguu ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma, milimita 135, 142 au 148, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, iwe ya kipimo hichohicho. Hakikisha kaseti yako, yaani gia za nyuma, inaingia kwenye habu hiyo. Diski na kaseti hamisha kutoka gurudumu la zamani. Mnyororo uache.

5. Funga, rekebisha kiti. Kisukume mbele kidogo na uinamishe pua yake, la sivyo kupanda vilima vya Ngong kutakuumiza mgongo. Gia zote zitakuwa nyepesi kwa kama asilimia 5: kilimani utafurahi, kwenye lami utazungusha miguu zaidi.

6. Pima tena, kisha jaribu. Tafuta njia yenye mizizi unayoijua na uipite polepole ukiendelea kukanyaga. Pedali ikigusa hata mara moja, rudi hatua ya tatu kabla hujaingia mteremkoni.