Kupiga picha za maumbo mjini Kisumu: mahali pa kusimama na namna ya kushika kamera

Anayeanza kupiga picha za majengo hudhani kwamba umbo limo ndani ya jengo lenyewe, na kwamba kazi yake ni kulielekezea kamera tu. Sivyo ilivyo. Nyumba ya msonge ni duara kwa fundi aliyeichorea msingi kwa kigingi na kamba, lakini kwa mpiga picha aliyesimama uani ni pembetatu iliyokaa juu ya mstatili, na kwa aliyelala chali sakafuni mwake ni gurudumu la baiskeli lenye spoku nyingi. Nyumba ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali alipo mtazamaji. Kwa hiyo maelezo yafuatayo yanahusu miguu na mikono kuliko yanavyohusu bei ya kamera, na karibu yote yanafanyika kwa simu ya kawaida.

Kabla ya kutoka nyumbani, fungua mipangilio ya kamera na uwashe mistari ya gridi, ile inayogawa kioo katika vyumba 9. Wengi huiona kama pambo, ilhali ndiyo rula yako. Ukifika mahali, usipige kwanza. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, kisha jiulize ni maumbo gani makubwa yaliyobaki. Yakiwa mawili au matatu, una picha; yakiwa kumi, sogea karibu au geuka.

Mistari ya wima

Miaka michache iliyopita shule moja iliniomba nipige picha ya jengo lake jipya la ghorofa tatu kwa ajili ya kalenda. Nilisimama karibu, nikainua kamera hadi paa likaingia, nikapiga kwa furaha. Mwalimu mkuu alipoziona picha aliniuliza, kwa upole kabisa, kama jengo limeanza kuanguka kinyumenyume. Alikuwa na haki. Kamera ikielekezwa juu, kuta mbili zilizo wima huonekana zikikaribiana kadiri zinavyopanda, na mstatili hugeuka kuwa umbo la sufuria iliyofunikwa kifudifudi.

Dawa yake ni kuisimamisha simu wima kabisa, kana kwamba mgongo wake umegandishwa kwenye kioo cha dirisha, na kurudi nyuma kwa miguu hadi paa liingie lenyewe. Utapata ardhi nyingi mbele ya jengo. Usijali, sehemu hiyo utaikata baadaye. Kama nyuma yako kuna ukuta au barabara yenye magari, tafuta kimo badala ya umbali. Katika mtaa wa Oginga Odinga, kwa mfano, ambako majengo hutazamana, mara nyingi inatosha kumwomba mwenye ofisi ya ghorofani akuruhusu usimame dirishani pake, kwa maana ukiwa kwenye nusu ya kimo cha jengo la mkabala huhitaji kuinua kamera hata kidogo. Lenzi pana ya simu, ile iliyoandikwa 0.5, inajaribu kutatua tatizo hili kwa njia ya mkato, lakini huvuta vitu vilivyo pembezoni mwa picha: chungu cha mviringo huwa yai, na mtu aliyesimama ukingoni hunenepa ghafla. Itumie pale tu ambapo pembezoni hapana kitu cha mviringo wala mtu.

Kosa la pili ni la mistari ya mlalo. Ukipiga ukuta wenye safu ya madirisha na ukaona mistari ya juu na ya chini inabanana kuelekea kulia, maana yake kamera imegeukia kulia kupita kiasi. Igeuze polepole upande wa kushoto, yaani upande ambako mistari imepanuka, mpaka iwe sambamba na gridi. Sasa ukuta utakuwa umehama kutoka katikati ya kioo. Usiigeuze kamera tena, bali piga hatua za ubavu kuelekea kulia hadi ukuta urudi mahali pake. Zoezi hili, ambalo kwa maneno linaonekana gumu, huchukua nusu dakika, nami nalifanya hadi leo kila ninaposimama mbele ya ukuta.

Jua la ikweta

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za mbali, ambako jua hukaa upande mmoja wa anga mwaka mzima. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, ambayo barabara ya kwenda Busia huivuka pale Maseno, na kwetu jua huhama. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Matokeo yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini, ambao mwezi Januari una kivuli kutwa nzima, mwezi Juni huwa na mwanga kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukiona umbo zuri lililozama gizani, liandike kwenye daftari pamoja na upande linakotazama, urudi baada ya nusu mwaka.

Kilele cha jua nacho si saa sita kamili. Saa za Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, nasi tuko karibu na digrii 35, kwa hiyo jua hufika juu kabisa takriban saa sita na dakika 40 mchana. Wengi huikimbia saa hiyo, lakini kwa maumbo ina faida yake: miale hushuka ikiparuza kuta, na kila ukingo wa dirisha au baraza hudondosha kivuli kilichonyooka kama kilichochorwa kwa rula.

Hakuna mahali mwanga huu unapofundisha vizuri kuliko kwenye mapaa ya mabati. Migongo ya bati hutelemka kutoka kilele cha paa hadi kwenye ukingo. Paa lililoelekea mashariki na magharibi lina migongo inayofuata njia ile ile ya jua, kwa hiyo asubuhi miale hupita kwenye mifereji bila kukwama na bati huonekana bapa kama karatasi. Paa lililoelekea kaskazini na kusini ni kinyume chake: jua la saa moja asubuhi huikata migongo kwa ubavu, kila mgongo hutupa kivuli kwa mwenzake, na paa zima hujaa mistari myeusi na myeupe. Panda vilima vya Riat asubuhi, utazame mji ulio chini yako, utaona mapaa mawili jirani ya bati la aina moja, moja likiwa na mistari na la pili halina hata mmoja.

Duara na namna linavyojificha

Duara ni umbo gumu kuliko yote, kwa kuwa huonekana duara ukiwa juu yake moja kwa moja tu. Jaribu na ungo wa omena katika soko la Kibuye, baada ya kuamkia na kuomba ruhusa. Ukiutazama kwa kimo cha kawaida, kwa pembe ya digrii 30 hivi kutoka usawa wa meza, ungo ni duaradufu ambalo kimo chake ni nusu ya upana wake. Ukiinua kamera hadi digrii 45, kimo hufika kama asilimia 70 ya upana. Katikati ya hapo na wima kuna eneo baya, ambako ungo si duara wala si duaradufu la wazi, na mtazamaji huona tu kwamba kuna kitu kimepinda. Chagua: ama inama ulifanye duaradufu jembamba, ama nyosha mkono juu ya ungo ulipate duara kamili, huku ukiangalia kivuli chako kisiangukie samaki.

Mazoezi mazuri zaidi yako kwenye Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, ambalo ndani ya uwanja wake lina boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala. Ukikubaliwa kuingia ndani ya nyumba, usiielekeze kamera darini kwa mkono, kwa sababu mkono haujui katikati. Tafuta kilele cha paa kwa jicho, shuka nacho hadi sakafuni, na uilaze simu hapo chali, kioo kikitazama juu. Washa kamera ya mbele, weka kipima muda cha sekunde 10, kisha utoke nje ya fremu. Picha ya kwanza haitakuwa sawa. Kilele kitaegemea upande mmoja, na fito za upande huo zitaonekana fupi kuliko za upande wa pili. Sukuma simu kwa upana wa kidole kuelekea upande ambako kilele kimeegemea, upige tena. Mimi huhitaji majaribio manne au matano kabla fito zote hazijalingana.

Mshazari

Ufukweni Dunga maumbo hubadilika, kwa maana mtumbwi hauna ukuta wa kunyooka nao. Ncha za mitumbwi iliyopangwa ufukweni ni pembetatu zinazorudiwa, mara nyingi zikiwa zimepakwa rangi zinazozigawa katika pembetatu ndogo zaidi. Hapa unaweza kuvunja kanuni niliyoisisitiza na kuiinamisha kamera. Mrusi Aleksandr Rodchenko alifanya hivyo katika miaka ya 1920, akipiga majengo ya Moscow kutoka chini hadi roshani zikapanda kwa mshazari kama ngazi. Ila inamisha kwa nguvu, digrii 20 au zaidi. Mwinamo wa digrii 3 huonekana kama bahati mbaya. Mwambie mwenye chombo, "Mzee, naomba nipige picha ya mtumbwi wako," nawe usishangae akitaka aingie pia.

Nyumbani, anza kwa kunyoosha, kisha ukate. Mistari ya wima hutangulia, ya mlalo hufuata, na kwa kuwa kila marekebisho humeza pembe za picha, ni vyema uwe uliacha nafasi pande zote ulipokuwa unapiga. Igeuze picha juu chini kwa muda. Ikiwa maumbo bado yamekaa vizuri, haina haja ya kukatwa zaidi. Picha za mabati huzifanya nyeusi na nyeupe, maana kutu na rangi za kuta huzozana na mistari. Za mitumbwi ya Dunga huziacha na rangi zake, kwa sababu pale rangi ndiyo iliyochora pembetatu.