Kuchora na Kusoma Mchoro wa Wayaringi wa Land Rover Series III

Mwezi uliopita nilimsaidia mzee jirani yangu hapa Arusha kutafuta hitilafu ya taa za nyuma kwenye Land Rover Series III yake, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kazi niliyoikadiria kuwa ya saa moja ilitumaliza siku moja na nusu, kwa sababu nilianza kupima kabla ya kuchora. Mwongozo huu ni kwa mtu anayejua kushika multimita na bisibisi, lakini akifungua dashibodi ya gari la zamani anakutana na rundo la nyaya asilojua aanzie wapi.

Hatua ya 1: Tambua gari ulilo nalo

Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kwa kawaida huwa na altaneta, huku hasi ya betri ikiwa imefungwa kwenye chasisi. Series IIA za mwanzo zilikuwa na dinamo, na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi. Ukichukua mchoro wa gari moja ukautumia kwenye jingine, utakuwa umekosea kabla hujashika waya hata mmoja. Fungua boneti uangalie waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chasisi umeshikwa na nguzo ipi, na usikubali kuambiwa kwa mdomo. Angalia pia kama injini ni ya petroli au ya dizeli, kwa kuwa ya dizeli haina koili wala spaki plagi, bali ina hita plagi nne (za kupasha joto injini kabla ya kuiwasha) ambazo kiwandani ziliungwa mfululizo, yaani moja ikikatika zote nne hazipati umeme.

Hatua ya 2: Jifunze rangi kabla ya alama

Magari ya Uingereza ya zama hizo yalifuata utaratibu mmoja wa rangi, na anayeufahamu husoma nusu ya mchoro bila kuufungua. Kahawia ni umeme unaotoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi. Nyeupe ni umeme unaopatikana baada ya kuwasha swichi ya funguo. Kijani ni huo huo wa swichi, ila umeshapita kwenye fyuzi. Zambarau umepita kwenye fyuzi lakini upo muda wote, na ndiyo maana honi inalia hata funguo ikiwa mfukoni. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa za mbele, na nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Waya ukiwa na rangi mbili, ya kwanza ni ya waya mzima na ya pili ni ya mstari mwembamba ulio juu yake. Kijani chenye mstari wa zambarau ni taa ya breki. Kijani chenye mstari mweupe ni indiketa ya kulia, na chenye mstari mwekundu ni ya kushoto. Buluu yenye mstari mweupe ni fuli, na yenye mstari mwekundu ni dimu.

Kwenye michoro rangi hizi huandikwa kwa herufi za Kiingereza, na hapo wengi hujikwaa. B ni nyeusi, kwa hiyo kahawia ikapewa N na buluu ikapewa U. Nimewahi kumwona fundi mzoefu akiisoma B kuwa kahawia, akautafuta umeme wa betri kwenye waya wa ethi mchana kutwa. Uheshimu sana waya wa kahawia: ukipiga shoti hakuna fyuzi ya kukata, na kitakachoungua ni waya wenyewe pamoja na majirani zake.

Hatua ya 3: Ondoa waya wa betri

Anza na ule unaokwenda kwenye chasisi.

Hatua ya 4: Chora saketi moja kwa karatasi moja

Mchoro wa kiwanda huweka gari zima kwenye ukurasa mmoja, na mimi sijawahi kumwona mtu aliyetafuta hitilafu juu yake akafurahi. Chukua karatasi za A4, penseli na kifutio. Programu za simu za kuchorea ninaziona ni kupoteza muda, kwani mikono ina grisi na kioo ni kidogo. Juu ya karatasi chora mstari wa umeme wa betri, chini chora mstari wa ethi, kisha shusha saketi kutoka juu hadi chini kwa mpangilio ambao umeme unasafiri: betri, swichi ya funguo, fyuzi, swichi ya breki, kiungio, balbu, ethi. Kila kiungio kipe namba, na namba hiyo hiyo uiandike kwenye kipande cha tepu ya karatasi utakachokibandika kwenye waya wenyewe.

Chora kilichopo kwenye gari, si kilichotakiwa kuwepo. Gari la umri huu limepita kwenye mikono mingi, na lile la mzee lilikuwa na waya wa umeme wa sebuleni, wa rangi ya maziwa, uliounganisha taa ya kurudi nyuma na fyuzi isiyo yake. Nyaya za aina hiyo zichore kwa kalamu nyekundu. Kwenye fyuzi za kioo za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, kumbuka kwamba 35 iliyoandikwa ni kiwango cha kuungua. Mzigo wa kudumu ni ampea 17 tu, kwa hiyo usiweke ya kisasa yenye 35 ukadhani umebadilisha sawa kwa sawa.

Hatua ya 5: Chora ethi kama waya, si kama alama

Hapa ndipo siku yangu ilipoishia. Michoro yote humalizia kila taa kwa alama ndogo ya ethi, kana kwamba umeme ukifika hapo umeshafika nyumbani. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chasisi ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikutana na unyevu, aluminiamu hulika na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme.

Dalili kwenye gari la mzee ilikuwa hivi: taa ndogo zikiwa zimewashwa, ukikanyaga breki, taa ya nyuma ya kushoto ilizimika badala ya kuongeza mwanga. Balbu ile ina nyuzi mbili, wa wati 5 kwa taa ndogo na wa wati 21 kwa breki, nazo zinatumia ethi moja kwenye kitako. Nilipima ukinzani kutoka kwenye kitako cha taa hadi hasi ya betri, multimita ikalia na kuonyesha ohmu moja na kidogo. Nikasema ethi ni nzima, nikaondoka kwenda kubadilisha swichi ya breki, kisha balbu, kisha soketi.

Ni usiku, nilipochora taa zote mbili za nyuma kwenye karatasi moja, ndipo nikaona nilichokuwa nimepima. Ethi ya kushoto ilikuwa imekatika kabisa. Kipimo changu kilipanda kwenye uzi wa breki wa balbu ile, kikafuata waya wa kijani na zambarau, kikashuka kwenye uzi wa balbu ya kulia hadi kwenye ethi yake. Uzi wa wati 21 ukiwa baridi hauna hata ohmu moja, kwa hiyo multimita haikudanganya. Ilijibu swali ambalo sikuliuliza. Na taa kuzimika nako kukaeleweka: ukikanyaga breki, nyuzi zote mbili zinapokea volti 12, na pasipo njia ya kutokea hakuna kinachotiririka.

Kwa hiyo usipime ethi kwa ohmu, na ukilazimika, toa kwanza balbu zote za saketi hiyo. Njia ninayoiamini ni volti chini ya mzigo: rudisha betri, washa taa ndogo, mtu akanyage breki, kisha weka ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyekundu kwenye kitako cha taa. Ethi nzuri itaonyesha chini ya volti 0.2. Yetu ilionyesha karibu 12. Kisha sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua, kutoka kwenye kitako hadi waya mweusi, bolti ya bodi, chasisi, na waya mnene wa betri. Mahali volti zinapoanguka ghafla ndipo penye ugonjwa. Sisi tuliukuta kwenye bolti ambayo fundi fulani aliifunga juu ya rangi. Tuliupeleka waya moja kwa moja kwenye chasisi, tukapiga msasa hadi chuma king'ae, tukafunga na kupaka grisi juu.

Kwenye mchoro wako, kila ethi iwe na jina la bolti yake.

Hatua ya 6: Rudisha betri kwa kupitia balbu

Ukishamaliza matengenezo, usiurudishe waya wa betri moja kwa moja. Funga balbu ya wati 21 kati ya nguzo ya hasi na waya wake, swichi zote zikiwa zimezimwa na milango imefungwa. Balbu ikibaki giza, funga waya uwashe gari. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali fulani. Chomoa fyuzi moja moja, na ikiwa zote zimetoka bado inawaka, chukua karatasi ya nyaya za kahawia uanze nayo.